Msikiti Chini ya Msikiti: Venye Udongo wa Lamu Ulibadilisha Stori ya Nani Alijenga Miji ya Pwani

Kama umesomea Kenya, kuna uwezekano mkubwa umewahi kupelekwa tripu ya Gedi. Basi la shule linatoka usiku, mnaimba mpaka sauti zinakatika, mnafika mkiwa na njaa. Mnaonyeshwa msikiti, mnaonyeshwa kaburi, halafu kima anashuka kwa mti anakuibia chapo. Hiyo ndiyo Gedi wengi wetu tunakumbuka. Mawe, miti mikubwa, na mnyama mwizi.

Mimi nakumbuka kitu kingine. Tuliporudi tulipewa mtihani, na swali moja lilikuwa: nani walijenga miji ya kale ya pwani? Nikaandika "Waarabu." Mwalimu akanipea tiki. Nikaenda na hiyo stori miaka kama kumi bila kuiuliza swali.

Wacha niseme mapema, mimi si profesa. Chuo nilisare mwaka wa pili na mambo ya vitabu vizito nilidhani nimeachana nayo. Lakini nina beshte wa Lamu, tumekuwa majirani hapa Nairobi kitambo, na kila tukikutana na msee mpya swali huwa ni lile lile: "Buda, wewe ni Mwarabu?" Yeye hucheka tu. Siku moja akanigeukia akaniambia, "Bro, enda usome Shanga." Nikadhani anaongea kuhusu shanga za kuvaa mkononi.

Kumbe Shanga ni mji. Ama ulikuwa mji. Uko kisiwa cha Pate, Lamu, karibu na Siyu, na watu waliuacha karibu mwaka wa 1425. Nilipoanza kusoma venye ulichimbwa, nikagundua ile tiki nilipewa ilikuwa ya jibu ambalo udongo ulishalikataa kabla mimi sijazaliwa.

Hebu nikueleze venye udongo unaweza kukataa kitu.

Kwanza, mji unapoteaje chini?

Watu wengi hudhani mji wa kale ulifunikwa na kitu kikubwa, mafuriko ama volkano. Mara nyingi si hivyo. Mji hujizika wenyewe, polepole, watu wakiwa bado ndani.

Fikiria ploti yenu. Mnamwaga majivu, maganda, mifupa ya samaki. Mvua inaleta matope. Landlodi anabomoa keja za mbele anajenga zingine, lakini kifusi hakiendi mbali, anakisambaza hapo hapo na kumwaga sakafu mpya juu. Miaka kumi ikipita, mlango ambao ulikuwa unapanda ngazi moja kuingia, sasa unashuka. Si mlango umezama. Ni ardhi imepanda.

Sasa fanya hivyo miaka 600 mfululizo. Shanga ilikaliwa kuanzia katikati ya karne ya 8 mpaka mwanzo wa karne ya 15. Kila kizazi kilijenga juu ya takataka za babu zake. Halafu watu wakaondoka, paa zikaanguka, miti ikaota, majani yakaoza. Ukifika leo unaona kuta za mawe zikichungulia kwa vichaka, unadhani hiyo ndiyo Shanga yote. La. Hiyo ni Shanga ya mwisho. Shanga zingine ziko chini yake, moja juu ya nyingine.

Kwangua rangi ya nganya

Kuna nganya ikikaa barabarani miaka mingi, inapakwa rangi mara nyingi. Leo ina picha ya rapa wa Marekani, kabla yake ilikuwa na mchezaji wa Arsenal, kabla yake ilikuwa nyeupe tu na laini ya njano. Ukichukua kisu ukwangue polepole pale ubavuni, utaona rangi zote kwa mpangilio. Ya juu ndiyo ya juzi. Ya chini kabisa ndiyo ya kwanza.

Wachimbaji wa mambo ya kale hufanya kazi yao kwa sheria hiyo moja: kama hakuna mtu amevuruga, kilicho chini kilitangulia kilicho juu. Hizo rangi, kwa udongo, zinaitwa matabaka.

Lakini kujua kipi kilitangulia bado hakukuambii mwaka. Hapo ndipo vitu vidogo huingia. Unakumbuka sarafu mpya zilizotoka Desemba 2018, zile hazina uso wa rais? Tuseme mtu anachimba ploti yenu miaka 500 kutoka leo, anapata sarafu moja ya hizo imekanyagiwa ndani ya sakafu. Moja kwa moja anajua hiyo sakafu haiwezi kuwa ilitengenezwa kabla ya 2018. Inaweza kuwa ya baadaye, lakini si ya kabla. Sarafu moja tu ya shilingi tano imefunga mlango wa upande mmoja.

Pwani, kazi hiyo hufanywa sana na vyombo vya nje. Bakuli za Uchina na mitungi ya Ghuba ya Uajemi zilikuwa na mitindo yake, na mitindo ilibadilika kama vile luku zinavyobadilika. Kuna mitungi ya rangi ya samawati-kijani kutoka Ghuba iliyopendwa karne ya 8 mpaka ya 10. Kuna bakuli za Changsha, Uchina, za karne ya 9. Baadaye kuna zile za kijani kibichi za Longquan, halafu zile nyeupe zenye michoro ya bluu. Ukipata kipande kwa tabaka, umepata ile sarafu ya 2018.

Na kama hakuna bakuli, kuna makaa. Mti ukiwa hai unabeba aina fulani ya kaboni. Ukikatwa, hiyo kaboni inaanza kupungua kwa mwendo unaojulikana: nusu yake inaisha kila miaka 5,730. Maabara wanapima iliyobaki wanakwambia mti ulikatwa lini, wakiongeza au kupunguza miaka kadhaa. Kwa hivyo makaa ya mama aliyepika samaki miaka 1,200 iliyopita bado yanaongea.

Kazi yenyewe si ile ya filamu

Hakuna mtu anakimbizwa na jiwe la mviringo. Kazi inaanza na kamba na vigingi. Mahali panagawanywa kwa miraba, kila mraba unapewa jina, na hakuna kitu kinatolewa bila kuandikwa kimetoka mraba gani na tabaka gani.

Mtu anapiga magoti na mwiko wa fundi, ule ule wa kupiga plasta, anakwangua sentimita chache. Udongo ukibadilika rangi ama ugumu, anasimama. Anapiga picha, anachora, anapima kina. Ule udongo haumwagwi hivi hivi. Unachekechwa kwa wavu kama mchanga wa mjengo, na kwa wavu ndiyo hubaki shanga, mifupa ya samaki, vipande vya chuma, vigae vya vyungu. Udongo mwingine unawekwa kwa maji, mbegu zilizoungua zinaelea, na ghafla unajua watu walikuwa wanadishi nini.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni mashimo ya nguzo. Ukijenga keja ya miti na udongo, unachimba shimo unaingiza nguzo. Miaka mingi baadaye nguzo inaoza inaisha kabisa. Lakini lile shimo linajaa udongo tofauti, mara nyingi mweusi na laini zaidi. Mchimbaji akisafisha sakafu vizuri anaona duara nyeusi, moja, mbili, tano, zimepanga laini. Hiyo ni nyumba. Ukuta umeenda, paa limeenda, watu wameenda, lakini vidoti vimebaki.

Shika hivyo vidoti. Tunavirudia.

Gedi na jina la kitabu

Gedi ndiyo ilichimbwa mapema. John Kirk, Mwingereza aliyekuwa mwakilishi wa serikali yao Zanzibar, aliitembelea 1884. Lakini uchimbaji wenyewe ulianza 1948, chini ya James Kirkman, ambaye baadaye ndiye alichimba pia Fort Jesus. Gedi alikaa nayo miaka kama kumi.

Na lazima tumpe heshima yake. Kile unaona ukienda Gedi, msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, vyoo vilivyopangwa na sehemu ya kujisafishia, ni kazi ya mikono ya timu yake na wasee wa hapo waliobeba karai kwa jua la Kilifi. Nyumba alizipa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Kuna kaburi lina mwaka umechongwa, 802 Hijria, ambayo ni 1399. Ni mji uliokuwa na doh, bila shaka.

Lakini angalia kitabu chake cha 1954. Kinaitwa *The Arab City of Gedi*. Yaani Mji wa Waarabu. Jibu liko kwa jalada kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Hakuwa peke yake. Siku za ukoloni wasomi wengi waliamini hivyo: mji wa mawe pwani ya Afrika lazima uwe uliletwa na meli. Waarabu ama Waajemi walifika, wakashusha mizigo, wakajenga, na wenyeji wakaja baadaye kama wafanyakazi. Sababu zao hazikuwa za kijinga. Kulikuwa na misikiti, kulikuwa na maandishi ya Kiarabu, kulikuwa na bakuli za nje. Na wenyeji wenyewe, familia kubwa za pwani, walikuwa na masimulizi ya mababu kutoka Shiraz, Uajemi.

Shida ilikuwa moja. Walikuwa wanaangalia rangi ya juu ya nganya. Kuta za Gedi unazoziona nyingi ni za karne ya 15 na kuendelea, mji ukiwa tayari umeiva. Ukitaka kujua nani alianza, lazima ushuke mpaka mwanzo.

Sasa tushuke Shanga

Mwaka wa 1980, mchimbaji Mwingereza anaitwa Mark Horton alianza kazi Shanga, na ikaendelea mpaka 1988. Kwa juu mahali palikuwa panajulikana: zaidi ya nyumba 200 za mawe, misikiti mitatu, mamia ya makaburi. Lakini Horton na timu yake waliamua kufanya kitu ambacho wengine hawakuwa wamefanya sana. Walienda kwa msikiti wa Ijumaa, katikati ya mji, wakachimba chini ya sakafu yake.

Huo msikiti wa mawe ulikuwa wa karibu mwaka wa 1000. Kama stori ya jalada ilikuwa kweli, chini yake hakungekuwa na kitu. Wageni wamefika, wamejenga msikiti wa mawe, mwisho.

Chini yake kulikuwa na msikiti mwingine.

Huo wa pili ulijengwa kwa matumbawe laini yaliyokatwa baharini. Wakashuka tena. Chini ya huo, mawe yakaisha. Zikaanza zile duara nyeusi. Vidoti vya nguzo, vimepanga mstatili, umeelekea upande wa kibla. Msikiti wa miti. Chini yake, msikiti mwingine wa miti. Na mwingine. Kila mmoja mahali pale pale, na jinsi unavyoshuka ndivyo unazidi kuwa mdogo, mpaka mwisho kabisa, karne ya 8, wanapata kibanda kidogo cha kuswalia cha watu wachache tu.

Soma hiyo mara mbili. Waislamu wa kwanza Shanga walikuwa kikundi kidogo ndani ya kijiji cha miti na udongo, na walijenga kama majirani zao walivyojenga. Kikundi kikakua, msikiti ukapanuliwa. Kikakua tena, ukapanuliwa tena. Karibu miaka 200 baadaye mafundi wakaanza kutumia matumbawe, halafu mawe na chokaa. Hakuna siku meli moja ilifika na mji mzima ndani. Mji ulikua kama mtoto, tabaka kwa tabaka, mahali pamoja.

Na katikati ya kile kijiji cha kwanza kulikuwa na uwanja uliozungushiwa ua, na kisima ndani. Horton alipouangalia aliulinganisha na kaya za Wamijikenda, ile mipango ya boma na uwanja wa jamii katikati. Si mpango wa mji wa Basra. Ni mpango ambao bibi wa Kilifi angeutambua bila kuambiwa.

Vyungu havidanganyi

Lakini mtu anaweza kusema, sawa, labda hao wa vibanda walikuwa wageni maskini. Jibu liko kwa sufuria.

Bakuli za Uchina hubamba watu, zinawekwa kwa kioo makumbusho. Lakini ukihesabu vigae vyote vinavyotoka ardhini Shanga, vya nje ni sehemu ndogo. Vilivyobaki ni vyungu vya kupikia vya hapa hapa, vya udongo, vimechorwa pembetatu na mistari ya kukwaruza karibu na shingo. Na mtindo huo haupatikani tu ufuoni. Unapatikana kando ya Mto Tana, unapatikana bara ndani, unapatikana mpaka pwani ya Tanzania, kwenye vijiji vya wakulima ambao hawakuwahi kuona meli.

Mtu huhama na nguo mpya, huhama na pesa, lakini jikoni ndipo mwisho kubadilika. Waliopika Shanga ya kwanza walipika kwa chungu cha watu wa Tana. Hapo ndipo watafiti Wakenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba walipiga msumari: miji ya pwani haikuwa visiwa vya wageni vilivyokatwa na bara. Ilikuwa mwisho wa njia zilizotoka bara, pembe za ndovu na nafaka zikishuka, nguo na shanga zikipanda.

Ndani ya hayo matabaka ya mapema Shanga kulikuwa pia na sarafu ndogo sana za fedha, zenye majina ya Kiislamu, zilizotengenezwa hapa hapa. Hebu fikiria. Watu wa nyumba za udongo, wanachapa pesa yao wenyewe.

Na ile stori ya Wachina je?

Umeiskia pia. Kwamba meli ya Kichina ilizama karibu na Pate, mabaharia wakaogelea wakafika, wakaoa, na kwamba jina Shanga limetoka Shanghai. Ni stori tamu na wazee wa Siyu wameisimulia miaka mingi.

Meli za Zheng He kweli zilivuka bahari hii kati ya 1405 na 1433. Malindi kweli ilipeleka twiga Uchina, mwaka wa 1415. Sarafu za mfalme Yongle wa enzi hizo zimepatikana Mambrui na kisiwa cha Manda. Hayo si mchezo.

Lakini Shanga ilikuwa imeanza zaidi ya miaka 600 kabla hizo meli hazijang'oa nanga. Wachina wanaweza kuwa walifika Pate. Kuanzisha Shanga, hapana. Udongo una mpangilio, na hao wamechelewa foleni.

DNA ikaja kuongeza chumvi

2023 mambo yakapata msokoto mwingine. Jarida la *Nature* lilichapisha utafiti wa DNA kutoka mifupa ya watu 80 wa miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania na maeneo ya karibu, wengi wakiwa waliishi kati ya 1250 na 1800. Kusimba alikuwa mmoja wa waliouongoza.

Matokeo hayakumpa mtu yeyote ushindi wa bwerere. Kwa wengi wao, nusu ama zaidi ya ukoo ilikuwa ya Kiafrika, na hiyo ilitoka hasa kwa kina mama. Nusu nyingine ilitoka Asia, hasa Uajemi, na hiyo ilitoka hasa kwa wanaume. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka wa 1000. Damu ya Uarabuni kwenyewe iliongezeka baadaye, baada ya 1500 hivi.

Kwa hivyo wale wazee waliosema "babu zetu walitoka Shiraz" hawakuwa wanadanganya. Walikuwa wanasimulia upande wa baba. Upande wa mama haukuandikwa kwa masimulizi, ukaandikwa kwa mifupa, na kwa lugha. Ju Kiswahili ni lugha ya Kibantu mpaka mfupa, na mtoto hujifunza kuongea kwa mama.

Na ukiweka hiyo miaka kando ya Shanga utaona kitu. Kuchanganyika na Waajemi kunaonekana karibu 1000. Misikiti ya miti ilikuwa imesimama miaka 200 kabla. Wageni walipooa, walioa ndani ya mji uliokuwa tayari unaendelea.

Jambo moja la haki: mifupa mingi ya huo utafiti ilitoka makaburi ya heshima, karibu na misikiti. Masonko. Kwa hivyo tumejua damu ya masonko zaidi kuliko ya mvuvi wa nyumba ya mwisho. Na hapo ndipo nataka kufikia.

Keja za udongo pia zilikuwa mji

Ukienda Gedi unaona kuna ukuta wa ndani na ukuta wa nje. Nyumba kubwa za mawe ziko ndani. Kati ya kuta hizo mbili, unapoona miti na vichaka tu, ndipo waliishi watu wa kawaida, kwa nyumba za miti, udongo na makuti. Waliochota maji, waliofua chuma, waliopika chokaa ya hizo kuta nzuri.

Miaka mingi wachimbaji hawakuangaika sana na huko, ju mawe ndiyo huonekana kwa picha. Nyumba ya udongo ikianguka inakuwa udongo. Lazima uitafute kwa subira, doti kwa doti.

Sisi ambao tunaishi keja za mabati tunapaswa kuelewa hiyo kitu haraka kuliko mtu yeyote. Siku Nairobi itachimbwa, majengo ya Upper Hill yatajitambulisha yenyewe. Mtaa wako utakuwa laini ya vishimo vya nguzo na misumari iliyoshika kutu. Kama mchimbaji ana haraka, ataandika kwamba Nairobi ilikaliwa na watu wa magorofa.

Kitabu kinachosomwa mara moja

Hii ndiyo sehemu ya uchungu. Matabaka ukishayachimba, yameisha. Ni kama kitabu ambacho kila ukurasa ukiusoma unaungua mkononi mwako. Kinachobaki ni kile uliandika. Ndiyo maana wachimbaji wazuri huacha sehemu kubwa bila kuguswa kwa makusudi, ili mtu wa miaka 50 ijayo mwenye mashine bora apate kitu. Kirkman hangeweza kupima DNA. Hakuna mtu angeweza, mwaka wa 1948.

Sasa fikiria msee anasikia kuna hazina kwa magofu, anaenda usiku na jembe. Anapata bakuli moja lililovunjika, anauza kwa bei ya vocha chache. Bakuli si hasara kubwa. Hasara ni lile shimo. Vidoti vya nguzo, makaa, mpangilio wote, vimekorogwa kama ugali. Hata ukirudisha bakuli, hakuna mtu atajua tena lilikuwa sakafu gani, na nani, lini. Sarafu ya 2018 ikiwa mfukoni haina maana. Ina maana ikiwa ndani ya sakafu.

Kisheria, chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, huwezi kuchimba mahali kama hapo bila leseni. Na ukikutana na kitu cha kale ukichimba msingi wa nyumba ama choo, usikichomoe. Piga picha, kiache, ripoti kwa Makumbusho ya Kitaifa. Gedi yenyewe iliingizwa kwa orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2024, kwa hivyo macho yako pale. Lakini kuna magofu mengi pwani ambayo hayana ua wala askari, na mawe yake yanaishia kwa misingi ya nyumba za watu.

Nilimrudia beshte wangu

Nilipomaliza kusoma nikaenda kwake na maringo yote, nikamwambia, "Buda, nimesoma Shanga. Mji ni wenu." Akaniangalia venye mtu huangalia mtoto aliyejifunza kufunga kamba za viatu.

Akasema, "Nyanya yangu alikuwa ananiambia hivyo akipika."

Nikamwuliza alikuwa anapikia nini. Akaniambia, chungu cha udongo. Bado kiko Lamu, mamake anakitumia.